Kubadilisha Mchanga wa Tangi la Samaki wa Bahari

Mtu anayetazama tangi la kioo lililojaa maji ya bahari huvutiwa kwanza na samaki, kisha na mawe na mwani. Na mchanga uliotandazwa chini pengine asiuangalie kamwe. Kwake mchanga ni zulia tu. Basi siku mchanga huo unapochafuka au kugeuka rangi, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kuuzoa wote, kuuosha kwa maji ya bomba mpaka ung'ae na kuurudisha, au kuutupa na kutia mwingine mpya. Kazi hiyo humalizika kwa nusu siku. Maji huwa maangavu, tangi hupendeza, na kila apitaye husifu. Siku ya tatu au ya nne samaki huanza kutweta karibu na uso wa maji, na kabla ya juma kwisha baadhi yao wamekufa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jambo hilo hutokea, na jinsi mchanga unavyoweza kubadilishwa bila kuleta msiba. Maelezo yatawafaa zaidi walimu na wanafunzi walio na tangi shuleni, lakini hata asiye na tangi atakuta humu mambo ya kemia na elimu ya viumbe ambayo vitabu vya darasani huyagusa kwa haraka mno. Mfano tutakaoutumia ni tangi lenye urefu wa sentimeta 100, upana wa sentimeta 40 na kina cha maji cha sentimeta 50, yaani lita 200, nalo lina mchanga wa unene wa sentimeta 3.

Sumu inayotoka kwa samaki wenyewe

Chakula cha samaki kina protini nyingi, na protini ina naitrojeni. Sehemu ya naitrojeni hiyo hujenga mwili wa samaki, na sehemu iliyozidi hutolewa nje, hasa kwa njia ya matamvua, ikiwa katika umbo la amonia. Baharini amonia hii hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya lita 200 haina pa kwenda.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme samaki wa tangi letu hupewa gramu 2 za chakula kikavu kila siku, na asilimia 40 ya chakula hicho ni protini. Hiyo ni gramu 0.8 ya protini. Kwa wastani asilimia 16 ya uzito wa protini ni naitrojeni, kwa hiyo tunapata gramu 0.128 ya naitrojeni. Tukichukulia kwamba nusu yake tu hutoka kama amonia, tutakuwa na miligramu 64, ambazo zikigawanywa katika lita 200 huwa miligramu 0.32 kwa kila lita kwa siku. Katika muda wa siku tatu tangi ambalo halina kitu cha kuiondoa litakaribia miligramu 1 kwa lita.

Je, kiasi hicho ni kikubwa? Jibu hutegemea pH. Ndani ya maji amonia huwa katika sura mbili: amonia yenyewe, NH3, na ioni ya amoniamu, NH4+. Ile ya kwanza hupenya matamvua kwa urahisi na ndiyo yenye sumu kali. Ya pili hupenya kwa shida. Katika maji yasiyo ya chumvi yenye pH 7, sehemu iliyo katika sura ya NH3 haifikii asilimia 1. Katika maji ya bahari yenye pH 8.1 na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, sehemu hiyo ni karibu asilimia 5. Hivyo kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa mtoni angekistahimili kinaweza kumwunguza matamvua samaki wa baharini. Ndiyo maana aliyezoea kufuga samaki wa maji baridi, na ambaye ameosha changarawe za tangi lake mara nyingi bila hasara, hushangaa anapofanya vivyo hivyo katika maji ya bahari.

Jaribio la mwaka 1877

Kwamba mchanga unaweza kuiondoa amonia lilikuwa jambo lililojulikana kabla sababu yake haijajulikana. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, waliuchunguza mchanga huo kwa namna ambayo hata leo ni kielelezo cha jaribio zuri. Walijaza bomba kwa mchanga uliochanganywa na chokaa, wakayapitisha humo polepole maji machafu ya mjini. Kwa muda wa siku 20 hivi hakuna kilichobadilika. Amonia iliyoingia juu ndiyo iliyotoka chini. Baada ya hapo nitrati zilianza kuonekana katika maji yaliyotoka, na amonia ikatoweka.

Kama mchanga ungekuwa unafanya kazi hiyo kwa kemia yake wenyewe, kwa nini ungoje siku 20? Wataalamu hao walishuku kwamba ndani ya bomba mlikuwa na viumbe vilivyohitaji muda wa kuongezeka. Ili kuhakikisha, walitia mvuke wa klorofomu, ambao huwalaza viumbe hai lakini hauizuii kemia ya kawaida. Nitrati zikakoma. Klorofomu ilipoondolewa, na bomba likatiwa maji yaliyosuuzwa kwenye udongo wa bustani, kazi ilianza upya. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Kazi yao hufanyika kwa hatua mbili. Kundi la kwanza huiunganisha amonia na oksijeni na kuifanya nitriti. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa kwa samaki isipokuwa ikirundikana sana. Viumbe hawa hawafanyi hivyo kwa kutuhurumia. Hiyo ndiyo njia yao ya kupata nishati, kama sisi tupatavyo nishati kwa kuunguza sukari.

Vitabu vingi huwataja *Nitrosomonas* kwa hatua ya kwanza na *Nitrobacter* kwa ya pili, na kuishia hapo. Yafaa walimu waongeze maneno machache. Uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika matangi ya samaki hatua ya pili hufanywa zaidi na bakteria wa jamii ya *Nitrospira*. Na mwaka 2005 ilitangazwa habari ya kustaajabisha zaidi: katika changarawe za tangi la maji ya bahari ya joto kwenye jumba la samaki la Seattle, Marekani, alipatikana kiumbe anayegeuza amonia kuwa nitriti ambaye si bakteria kabisa, bali ni wa kundi la arkea. Alipewa jina la *Nitrosopumilus maritimus*. Baadaye ilidhihirika kwamba jamaa zake wamejaa katika bahari zote za dunia, na kwamba wanaweza kuinasa amonia hata ikiwa kidogo mno. Changarawe za chini ya tangi, ambazo watazamaji walizipita bila kuziangalia, zilifunua ukurasa mzima wa mzunguko wa naitrojeni baharini.

Jambo moja zaidi lahitaji kukumbukwa. Bakteria wengi wa kawaida huongezeka upesi. *Escherichia coli* wa utumboni, akipata mazingira mazuri, hugawanyika kila dakika 20. Wale wa amonia na nitriti huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi, kugawanyika mara moja. Ndiyo sababu tangi jipya huchukua kati ya wiki 4 na 6 kabla halijaweza kuchukua samaki, na ndiyo sababu Schloesing na Müntz walingoja.

Mchanga una eneo kiasi gani?

Viumbe hawa hawapendi kuelea. Hujishikiza juu ya kitu. Basi na tupime nafasi waliyo nayo. Chembe ya mviringo yenye kipenyo d ina eneo la uso ambalo, likigawanywa kwa ujazo wake, ni 6/d. Mchanga wetu una ujazo wa lita 12, lakini asilimia 40 hivi ni nafasi zilizo baina ya chembe. Kwa hiyo chembe zenyewe ni lita 7.2, yaani mita za ujazo 0.0072. Ikiwa kila chembe ina kipenyo cha milimeta 1, eneo lote litakuwa 0.0072 × 6 ÷ 0.001, yaani mita za mraba 43. Kuta nne za kioo zina mita za mraba 1.4 tu. Sakafu ya darasa dogo imekunjwa ndani ya zulia la sentimeta 3! Tukitumia changarawe za milimeta 5, eneo hupungua kuwa mita za mraba 8.6, ambazo bado ni mara sita ya kuta.

Hata hivyo hesabu hii isitupumbaze. Viumbe hawa wanahitaji oksijeni, na katika mchanga laini uliotulia oksijeni haishuki zaidi ya milimeta chache, au sentimeta moja hivi. Isitoshe, idadi yao huamuliwa na wingi wa amonia wanayoipata. Kuwaongezea nafasi bila kuwaongezea chakula hakuwazidishi. Na tena mchanga si makao yao pekee. Mawe yenye vitundu na sponji ya kichujio huwapokea vilevile.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Kabla ya kugusa mchanga, mwenye tangi hana budi kujiuliza: katika tangi hili, walio wengi wanaishi wapi? Kuna matangi yaliyotengenezwa kwa mtindo wa kuweka kibao chenye matundu chini ya changarawe, na bomba la hewa linaloyavuta maji kupita katika changarawe hizo mchana na usiku. Katika tangi la namna hiyo changarawe ndizo kichujio, na karibu bakteria wote wamo humo. Kuna matangi mengine yanayofuata njia iliyoelezwa mwaka 1961 na Lee Chin Eng wa Indonesia, ambamo mawe ya mwambani pamoja na viumbe vyake hutiwa tangini na kuachiwa kazi. Humo mchanga una sehemu ndogo zaidi ya kazi ya amonia, na mtu anaweza kuuondoa bila wasiwasi mkubwa. Watu wawili wanaobishana, mmoja akisema kwamba aliondoa mchanga wote na samaki wake hawakudhurika, na mwingine kwamba alifanya vivyo hivyo akawapoteza wote, aghalabu wanasema kweli wote wawili. Matangi yao ndiyo hayafanani.

Tuweke jambo hili katika tarakimu. Tuchukulie kwamba viumbe hawa hujizidisha mara mbili kwa siku moja, ambayo ni bahati njema. Ikiwa mchanga una nusu yao, nasi tukiondoa theluthi ya mchanga, tumepoteza sehemu moja ya sita. Waliobaki watalijaza pengo kwa muda wa saa 6 au 7. Tukiondoa mchanga wote, tumepoteza nusu, na siku moja itatosha. Lakini ikiwa changarawe zina sehemu tisa kwa kumi nasi tukaziondoa zote, waliobaki watahitaji kuongezeka mara kumi, kazi ya siku tatu na zaidi. Na ikiwa kila kitu kimeoshwa kwa maji yenye klorini hata akabaki mmoja katika kila elfu, siku kumi zitapita, na kwa kiasi cha chakula tulichokitaja amonia itavuka miligramu 2 kwa lita. Mwanafunzi anayejua logi za kizio cha 2 anaweza kujitengenezea jedwali zima.

Hatari iliyo chini

Amonia ni hatari ya kuondoa mchanga. Ipo hatari ya pili, ya kuuvuruga. Anayechimba mchanga wa zamani hukuta rangi zikibadilika: juu mchanga mweupe au wa kahawia, chini kidogo kijivu, na chini zaidi mweusi wenye harufu ya mayai yaliyooza. Rangi hizi ni ramani ya upumuaji. Juu, ambako oksijeni ipo, viumbe huitumia. Inapokwisha, bakteria wengine hutumia nitrati na kuigeuza gesi ya naitrojeni, jambo lenye manufaa kwetu kwa sababu gesi hiyo hutoka tangini. Nitrati nayo ikiisha, zamu huwa ya salfeti. Maji ya bahari yana karibu gramu 2.7 za salfeti katika kila lita, mara nyingi zaidi ya maji ya mtoni, na ndiyo sababu matope ya mikokoni hunuka ilhali mchanga wa mtoni kwa kawaida haunuki. Salfeti inapotumiwa hubaki haidrojeni salfaidi. Sehemu yake huungana na chuma, na hiyo ndiyo rangi nyeusi.

Weusi wenyewe si sumu inayoua. Gesi ndiyo sumu. Huzuia seli zisitumie oksijeni. Lakini hapa pH ya bahari, iliyotudhuru katika habari ya amonia, hutusaidia: kwenye pH 8.1 zaidi ya asilimia 90 ya salfaidi iko katika sura ya ioni, HS-, ambayo haipenyi kwa urahisi kama gesi. Maji yakiwa na asidi zaidi, gesi huongezeka. Kwa hiyo tuna sumu mbili zinazokwenda kinyume: pH ikipanda amonia hukali, pH ikishuka salfaidi hukali. Salfaidi iliyotoka pia huungana na oksijeni ya maji na kuipunguza, hivyo samaki hupata taabu mara mbili. Mchanga wa sentimeta 3 una kiasi kidogo cha kuogopwa. Mchanga wa sentimeta 10 au zaidi ambao haujaguswa kwa miaka mingi ni jambo jingine, nao usichimbwe kamwe samaki wakiwa ndani.

Je, pana haja?

Kwa maoni yangu, nusu ya mchanga unaobadilishwa haukuhitaji kubadilishwa. Uchafu wa juu huondolewa kwa kufyonza kwa mpira wakati wa kubadilisha maji. Mwani wa kahawia juu ya mchanga ni dalili ya chakula kingi au mwanga mwingi, nao utarudi juu ya mchanga mpya vilevile. Tena mchanga mpya wenyewe mara nyingi huota utando wa kahawia kwa wiki chache za mwanzo, kisha huondoka.

Ziko sababu za kweli. Changarawe kubwa huruhusu mabaki ya chakula kudondoka katikati yake mahali ambapo konokono na kaa hawafiki, na huko huoza mwaka hadi mwaka. Wapo samaki ambao usiku hujizika mchangani, na changarawe zenye ncha huwachubua. Mchanga wa chokaa huweza kugandamana ukawa jiwe. Kadhalika, chembe za chokaa hushika fosfeti, na baada ya miaka mingi huanza kuirudisha majini, mwani ukastawi kupita kiasi. Kwa sababu kama hizi kazi inastahili kufanywa.

Kuhusu mchanga wa kutia, mtu achague kwanza ukubwa wa chembe: milimeta 1 hadi 2 hufaa kwa matangi mengi. Mchanga laini kupita kiasi hupeperushwa na pampu. Pili, aina. Mchanga wa ufukwe wa mashariki wa Unguja ni mabaki ya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Ule wa midomo ya mito mikubwa ya bara ni wa kwazi kwa sehemu kubwa. Tone la siki hutofautisha: wa chokaa huchemka mapovu, wa kwazi hautikisiki. Watu husema kwamba mchanga wa chokaa huilinda pH isishuke. Ni kweli kwa sehemu tu. Maji ya bahari ya kawaida yameshiba kalsiamu kaboneti, hivyo chembe haziyeyuki mpaka pH ishuke sana, karibu na 7.7 au chini yake. Hali hiyo hutokea ndani ya mchanga, baina ya chembe, ambako bakteria hutoa kaboni dayoksaidi. Juu, ambako samaki wanaogelea, mchanga hauwezi kushikilia pH 8.2. Mwenye tangi asiache kupima na kubadilisha maji akidhani kwamba chokaa inamtosha.

Mchanga usichukuliwe mwambani, wala kwenye hifadhi za bahari kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, ambako hata kombe tupu haliruhusiwi kuokotwa. Usichukuliwe pia karibu na bandari au mfereji wa maji machafu.

Kufanya kazi yenyewe

Maandalizi huanza siku moja kabla. Mchanga mpya husuuzwa kwa maji mengi mpaka vumbi lipungue, na mwishowe kwa maji ya bahari. Mchanga mpya hauna viumbe wa kuhurumiwa, kwa hiyo maji ya bomba hayaudhuru. Lita 60 hivi za maji ya bahari huwekwa tayari, zenye joto sawa na la tangi na uchumvi ule ule kwa kipimo cha haidromita. Samaki hawalishwi siku hiyo.

Siku ya kazi, umeme wa kipasha joto ukatwe kwanza, kwa maana kipasha joto kikibaki hewani huku kikiwaka hupasuka. Mikono ivikwe glavu ndefu. Baadhi ya minyoo ya mchangani ina manyoya yanayochoma kama pamba ya kioo, na konokono wa jamii ya koni, wanaopatikana katika bahari yetu, wana sumu inayoweza kumwua mtu. Kama mawe yameota wanyama wanaofanana na maua madogo, yasichemshwe kamwe wala kusuguliwa bila maji: baadhi yao wana palitoksini, sumu iliyotambuliwa huko Hawaii mwaka 1971 na ambayo ni miongoni mwa sumu kali zaidi za asili, mvuke wa mawe yaliyochemshwa umewahi kuwapeleka watu hospitalini. Jongoo bahari naye ahamishwe kwa upole kabla ya yote, kwa sababu akishtuka hutoa sumu inayoweza kuwaangamiza samaki wa tangi zima.

Tangi hugawanywa kwa fikra katika theluthi tatu, au katika robo nne kama changarawe ndizo kichujio. Sehemu moja tu hufanyiwa kazi. Mpira wenye kipenyo cha sentimeta 2 hivi hujazwa maji, ncha moja ikashikwa juu ya mchanga na nyingine ikaingia kwenye ndoo iliyo chini. Maji hushuka na kuubeba mchanga. Ubora wa njia hii ni kwamba uchafu na salfaidi huvutwa nje kabla havijatawanyika, ambapo anayechota kwa kikombe huvikoroga tangini. Mchanga hufyonzwa tabaka kwa tabaka kutoka juu, na mtu asimame kila ndoo inapojaa. Kipande cha kioo kinaweza kusimamishwa kwenye mpaka ili mchanga wa jirani usiporomoke. Maji yakipungua lita 50, kazi ya siku hiyo imekwisha hata kama sehemu haijakamilika. Mawe makubwa yasifukuliwe chini. Yaliyosimama juu ya mchanga huanguka, nayo yanaweza kuvunja kioo. Ni afadhali yakalishwe juu ya sakafu ya tangi yenyewe kabla mchanga mpya haujatiwa.

Mchanga mpya haumwagwi kutoka juu. Hushushwa kwa bomba pana la plastiki mpaka chini, pampu zikiwa zimezimwa, kisha huachwa nusu saa utulie. Vikombe viwili au vitatu vya tabaka la juu la mchanga wa zamani, ule ulio safi na usionuka, hunyunyizwa juu yake. Pamoja na bakteria vitahamia minyoo wadogo, kamba wadogo mno na viumbe wengine wanaoupindua mchanga usiku. Hili ndilo lile suuzo la udongo wa bustani la mwaka 1877. Maji yakibaki na ukungu kwa siku moja au mbili, si neno; vumbi la chokaa halina sumu.

Baada ya hapo amonia hupimwa kila siku kwa wiki moja. Samaki hulishwa nusu ya kawaida. Amonia ikionekana, chakula husimamishwa na robo ya maji hubadilishwa. Nitriti ikipanda kidogo hakuna haja ya kuhofu sana: maji ya bahari yana gramu 19 hivi za kloridi kwa lita, na kloridi huizuia nitriti isiingie matamvuani, kwa hiyo samaki wa baharini huistahimili kuliko wa mtoni. Sehemu ya pili haiguswi mpaka wiki mbili au tatu zipite na vipimo vya amonia na nitriti viwe sifuri. Kazi nzima basi huchukua miezi miwili, na kwa tangi la changarawe huenda ikafika mitatu. Asiyeweza kungoja na awahamishe samaki wote, pamoja na mawe na maji yao, kwenye chombo kingine chenye pampu ya hewa, aondoe mchanga wote kwa mara moja, kisha awarudishe; lakini njia hii ni ya matangi yenye mawe mengi tu, na ndiyo pekee iliyo salama pale mchanga unapokuwa wa kina kirefu.

Jaribio la darasani

Darasa lisilo na tangi linaweza kulishuhudia jambo hili kwa chupa nne za mdomo mpana, zenye lita moja ya maji ya bahari kila moja, na bomba la hewa. Katika chupa ya kwanza hutiwa kikombe cha mchanga wa ufukweni uliochukuliwa siku hiyo hiyo kwenye tabaka la juu lenye maji. Ya pili hutiwa mchanga huo uliochemshwa kwa nusu saa. Ya tatu hutiwa mchanga huo huo ulioloweshwa usiku kucha katika maji ya bomba yenye klorini, kisha ukasuuzwa. Ya nne hutiwa mchanga uliochemshwa pamoja na kijiko kimoja cha mchanga mbichi. Kila chupa huongezewa miligramu 8 za amoniamu kloridi, ambazo zitatoa karibu miligramu 2 za naitrojeni kwa lita. Chupa zifunikwe zisipate mwanga, la sivyo mwani utainywa amonia na kulivuruga jaribio. Amonia na nitriti zipimwe kila baada ya siku mbili kwa muda wa wiki nne, na matokeo yachorwe katika grafu moja.

Wanafunzi waandike matazamio yao kabla ya kuanza. Chupa ya kwanza na ya pili hazina fumbo kubwa, ingawa ile ya pili nayo ikianza kupunguza amonia baada ya majuma kadhaa patakuwa na swali la kujibu: viumbe wameingia kwa njia gani? Chupa ya nne ndiyo ya kutazamwa zaidi. Siku ambayo mstari wake wa amonia utaanza kuinama, ikilinganishwa na ile ya chupa ya kwanza, inaonyesha thamani ya kijiko kimoja. Na darasa lingine likirudia kwa vijiko viwili, vinne na vinane, litaweza kukadiria kutokana na grafu zao muda ambao viumbe hao huuchukua kujizidisha mara mbili katika maji ya pwani yao.